"Thou" na "You": Maana, Sarufi na Deni la Shylock

Utangulizi

Nilipokuwa kidato cha tatu, chama chetu cha maigizo kiliigiza sehemu za Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969. Mimi nilipewa nafasi ya Antonio, nadhani kwa sababu nilikuwa mrefu na nilikuwa na koti. Shylock aliigizwa na mwenzangu mmoja aliyejua sana kukunja uso. Kila alipotokea, ukumbi ulizomea. Kila nilipomtukana, ukumbi ulipiga makofi. Usiku ule nililala nikijiona shujaa.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwaka wa pili hapa chuoni, tukaisoma tamthilia hiyohiyo kwa Kiingereza. Kwenye semina mhadhiri akatuuliza: kwa nini Antonio anamwita Shylock "you", halafu ghafla anaanza kumwita "thee"? Nikanyanyua mkono haraka haraka. Nikasema kwamba "thou" na "thee" ni maneno ya heshima, kwani ndiyo yanayosikika kanisani watu wanapomwomba Mungu kwa Kiingereza, kwa hiyo hapo Antonio anamheshimu Shylock. Bwana we! Darasa zima lilicheka. Mhadhiri hakucheka. Aliniambia tu, "Kaisome tena, na safari hii fuata viwakilishi."

Makala haya ni matunda ya kurudi kusoma. Nina shabaha mbili. Kwanza, kueleza tofauti ya maana na ya sarufi kati ya "thou" na "you", kwa sababu naona wenzangu wengi tunayapita tu kama mapambo ya lugha kongwe. Pili, kuonyesha kwamba mhakiki asiyeitambua tofauti hiyo anaweza kukosea kwenye jambo kubwa kabisa, yaani nani anamdhulumu nani katika kazi anayoihakiki.

Sarufi kwanza

Wengi wetu hudhani "thou" ni "you" ya zamani, eti neno moja lililobadilisha nguo. Sivyo. Haya ni maneno mawili yaliyoishi nyumba moja kwa karne nyingi. Katika Kiingereza cha awali "thou" ilikuwa nafsi ya pili umoja, na wingi wake ulikuwa "ye". Hiyo "you" tunayoijua leo haikuwa kiima hata kidogo. Ilikuwa umbo la "ye" linapokuwa yambwa.

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati kuliko Mwingereza wa leo, maana lugha yetu ingali inafanya kazi hiyohiyo kila siku. Tunasema "unaniona" lakini "ninakuona". Mtu ni yuleyule, ila akiwa mtenda anapewa u-, na akiwa mtendwa anapewa -ku-. Basi "thou" ni u- na "thee" ni -ku-. "Thou seest me" ni unaniona, na "I see thee" ni ninakuona. "Thy" ni -ako. "Thine" nayo ni -ako, ila hutumika ama inaposimama peke yake, kama katika "the book is thine", ama mbele ya neno linaloanza na irabu, kama "thine eye". Kwa upande wa wingi, "ye see me" ni mnaniona, "I see you" ni ninawaona, na "your" ni -enu. Ukishaupanga mfumo hivi, hauna ugumu wowote.

Kitenzi nacho kilifuata nafsi. "Thou" ilidai kitenzi kiishie na -est au -st, kama "seest" na "lovest". Vitenzi vinavyotumika sana vilikuwa na maumbo yake maalumu: "art", "hast", "dost", "shalt", "wilt". "You" ilibaki na kitenzi cha wingi, na mpaka leo imebaki nacho. Ndiyo maana Mwingereza humwambia mtu mmoja "you are", wala hasemi "you is". Kumbe kila tunapomsalimu mtu mmoja kwa "how are you", kisarufi tunamsalimu kama kundi la watu.

Kufikia wakati Shakespeare anaandika, mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17, "you" ilikuwa imekwishaingia pia kwenye nafasi ya kiima na kuisukuma "ye" pembeni. Lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa limekwishatokea karne kadhaa kabla yake. "You" ilikuwa imeanza kutumika kwa mtu mmoja.

Wingi ulivyogeuka heshima

Kumwita mtu mmoja kwa wingi ili kumpa hadhi si jambo geni kwa Waafrika. Jirani yangu wa bwenini anatoka Kampala. Kwa Kiluganda, asubuhi humwambia mwenzake "wasuze otya", lakini kwa mkubwa husema "mwasuze mutya", hata kama mkubwa huyo amesimama peke yake uani. Wachewa nao wana "iwe" kwa mtoto au rafiki, na "inu" kwa wengi au kwa mkubwa mmoja.

Waingereza walijifunza desturi hiyo kwa Wafaransa. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, na Wafaransa walikuwa na "tu" na "vous". Kuanzia karne ya 13 desturi hiyo ikajipenyeza katika Kiingereza: mkubwa aitwe kwa wingi, mdogo aitwe kwa umoja. Roger Brown na Albert Gilman, katika makala yao maarufu ya mwaka 1960 kuhusu viwakilishi vya lugha za Ulaya, walieleza kwamba viwakilishi vya aina hii huendeshwa na nguvu mbili, yaani mamlaka na ukaribu. Kwa mamlaka, bwana humwambia mtumishi "thou" na mtumishi hujibu "you". Kwa ukaribu, wapenzi au marafiki huambizana "thou" pande zote mbili.

Hapo ndipo shida ya mhakiki inapoanzia. "Thou" moja inaweza kuwa ya mapenzi, ya kumdharau mtu, ya mzazi kwa mtoto, ya hasira, au ya kumwita asiyekuwepo, kama vile marehemu, Mungu au mauti. "You" nayo inaweza kuwa heshima ya kweli, mazoea tu ya watu wa tabaka la juu, au ubaridi wa mtu aliyenuna.

Hili halikuwa jambo la vitabuni tu. Mwaka 1603 Walter Raleigh aliposhitakiwa kwa uhaini, mwanasheria mkuu wa serikali, Edward Coke, alimpiga kwa "thou" mbele ya mahakama kwa makusudi, ili amvue hadhi yake. Neno hilo lilitumika hata kama kitenzi, yaani "kumthou" mtu. Nusu karne baadaye likaja kundi la kidini la Marafiki, ambao wengi huwaita Quakers, likiongozwa na George Fox. Hawa walikataa ubaguzi huo wakisema binadamu wote ni sawa, kwa hiyo wakamwita kila mtu "thou", awe hakimu au mchunga ng'ombe. Wapo waliopigwa kwa ajili ya neno hilo. Hebu fikiri, msomaji: kipigo kwa sababu ya kiwakilishi!

Na kanisani je? Hapa lazima niungame kosa langu. Wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyotoka mwaka 1611, walifuata umoja na wingi wa Kiebrania na Kigiriki. Hawakufuata vyeo. Kila mmoja aliye peke yake ni "thou": Mungu ni "thou", mfalme ni "thou", mtumwa ni "thou", na Shetani vilevile. Katika karne ya 17 "thou" ikazidi kutoweka katika mazungumzo ya kawaida, huku ikibaki katika sala. Sikio lililokuwa likiisikia kanisani tu likaanza kudhani ni neno la utukufu. Kosa langu la semina, basi, lina historia ndefu na wenzi wengi. Lakini ni kosa.

Kanuni moja ya kusomea

Sasa msomaji atauliza, ikiwa "thou" ina maana nyingi namna hiyo, nitajuaje ipi ni ipi? Jibu nililolipata ni hili: usiliulize neno peke yake lina maana gani. Uliza limehama kutoka wapi. Mhusika aliyekuwa akisema "you" akahamia "thou", kuna kitu kimetokea ndani yake. Aliyekuwa akipokea "thou" akaanza kupokea "you", amesogezwa mbali.

Chukua Hamlet anapoitwa chumbani kwa mama yake baada ya ile michezo ya kuigiza iliyomkasirisha mfalme. Mama anaanza na "thou", kama mzazi yeyote anayemkemea mwanawe. Mwana anajibu kwa sentensi inayofanana sana na ya mama, lakini ameweka "you". Ndipo mama naye anapoiacha "thou" na kumwambia "you". Mlango wa umama umefungwa pale pale, kabla hatujafika mbali katika ugomvi wenyewe. Au mchukue Benedick katika Much Ado About Nothing, aliyezoea kutupiana maneno na Beatrice kwa "you". Mapenzi yanapokiriwa, anamwita "thou". Hasira na mahaba hupita njia moja, ila huelekea pande tofauti.

Natoa tahadhari hapa. Siyo kila mhamo una siri. Maneno haya yalikuwa yameanza kuchanganyika wakati huo, na yapo mafungu ya maneno yaliyokwishaganda, kama "I pray thee", ambayo yalisemwa kwa mazoea tu. Mhakiki anayemkamata msanii kwa kila kiwakilishi atajikuta anapiga ramli. Kinachotafutwa ni mhamo unaokwenda sambamba na tukio.

Deni la Shylock

Turudi Venisi. Katika tendo la kwanza Antonio anahitaji mkopo wa fedha kwa ajili ya rafiki yake Bassanio. Anamwendea Shylock, Myahudi ambaye amekuwa akimtemea mate hadharani. Wakati wa kuomba, Antonio anamwita Shylock "you". Shida ina adabu! Shylock anajibu kwa hotuba ndefu akimkumbusha mateso yote: matusi sokoni, mate ndevuni, mateke, na kuitwa mbwa. Lakini angalia anavyosema. Anamtaja kwa cheo chake cha kibwana, na mwanzo hadi mwisho anamwita "you". Mtu aliyetemewa mate analalamika kwa lugha ya heshima.

Antonio anajibu nini? Hapo ndipo "you" inapomtoka. Anasema yuko tayari kumtukana tena, kumtemea tena na kumpiga teke tena, na yote hayo anayasema kwa "thee". Anamtaka amkopeshe si kama rafiki bali kama adui, na hata adui huyo anakuja na "thine". Shylock haachi "you" yake. Anatoa masharti, mkataba unakubaliwa, na Antonio anapoagana naye bado ni "thee". Nilipoliona hili kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu. Maneno yaleyale mimi niliyasema jukwaani, na nikapigiwa makofi.

Sasa nenda tendo la tatu. Merikebu za Antonio zinasemekana kuzama, muda wa deni umepita, na Antonio yuko chini ya ulinzi wa mlinzi wa gereza. Shylock anarudia shitaka lilelile la kuitwa mbwa. Kitendo ni kilekile na tusi ni lilelile, ila safari hii anamwita Antonio "thou". Kwa maoni yangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote. Shakespeare ametuwekea kosa moja mara mbili na kubadilisha kiwakilishi. Katika tendo la kwanza anayelalamika ni mtu wa chini. Katika tendo la tatu anayelalamika amekamata koo la mwenzake. Antonio alikopa fedha, lakini siku ileile yeye pia alimkopesha Shylock neno. Shylock sasa analirudisha na riba yake.

Mahakamani mchezo unaendelea. Portia, akiwa amejifanya mwanasheria, anaanza kumhoji Shylock kwa "you" ya ofisini. Kadiri kitanzi kinavyogeuka, anahamia "thou", na hukumu ya mwisho inamwangukia Shylock kwa "thou". Shylock naye, anapodhani sheria iko upande wake, anamwita Portia "thou" kwa furaha, kama mtu anayemsifu nabii. Pale haiwezi kuwa dharau. Ni "thou" ya kuabudu. Neno moja, chumba kimoja, kazi mbili. Ndiyo maana nasema tufuate mhamo.

Simtetei Shylock asiye na kosa. Mtu anayenoa kisu mahakamani ili akate ratili ya nyama ya mwenzake hawezi kusafishwa na sarufi. Ninachosema ni kwamba ukatili wake una mwanzo, na mwanzo huo umeandikwa ndani ya tamthilia kwa herufi chache ambazo ni rahisi kuzipita.

Na kwa Kiswahili je?

Hapa lugha yetu inambana mfasiri. Kiswahili kimeihifadhi tofauti ya umoja na wingi ambayo Kiingereza cha leo kimeipoteza, mpaka wengine wanalazimika kusema "you all". Lakini Kiswahili sanifu hakigawi vyeo kwa kiambishi. Rais ni u-, mtoto aliyemwaga uji ni u-, na Mwenyezi Mungu katika sala zetu ni u-. Kwa hiyo "you called me" ya tendo la kwanza na "thou calledst me" ya tendo la tatu, zote kisarufi zinaishia "uliniita". Tofauti imezama mtoni kabla ya kuvuka.

Je, tuseme haifasiriki? La hasha. Kiswahili kinaweka heshima pengine, yaani katika majina ya kuitana. Tuna bwana, mzee, mheshimiwa, ndugu, mama fulani. Pia tuna dharau yetu inayofanana sana na ile ya Coke, ambayo ni kuliacha jina na kulisimamisha neno "wewe" peke yake, au baya zaidi, "we". Nani kati yetu hajasikia mtu mzima akifoka, "Unaniita mimi 'we'?" Huyo analalamikia jambo lilelile aliloling'amua Raleigh kizimbani.

Kwa hiyo mfasiri au mwigizaji anaweza kuulipa mhamo huu kwa sarafu yetu. Katika tendo la kwanza Shylock aseme, "Bwana Antonio, uliniita mbwa." Katika tendo la tatu aseme, "We Antonio, uliniita mbwa." Kiambishi hakijabadilika, lakini mtu yeyote mwenye sikio la Kiswahili atajua kwamba kuna mtu amevuliwa kofia. Na hata pale maandishi yasiporuhusu kubadilisha neno, sauti na mwili vinaruhusu. Shylock anaweza kuinama kidogo katika tendo la kwanza, na katika tendo la tatu asiiname.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba "thou" na "you" zilitofautiana kwanza kwa idadi, kisha kwa cheo na ukaribu, na kwamba katika tamthilia maana yake inapatikana zaidi pale mhusika anapohama kutoka neno moja kwenda jingine. Nimeonyesha pia kwamba kuijua tofauti hii si suala la kujua Kiingereza kikongwe kwa ajili ya mtihani. Ukiikosa, unaweza kukaa ukumbini ukamzomea mtu bila kujua nani alianza.

Mwenzangu yule aliyeigiza Shylock tulikutana likizo iliyopita. Nilimweleza habari hii ya viwakilishi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba usiku ule wa maigizo, alipokuwa akishuka jukwaani, kuna mwanafunzi wa kidato cha kwanza alimtemea mate, kwa utani. Wote tulikuwa tumecheka. Yeye hakuwa amesahau.

Natoa changamoto kwa wenzangu wa Idara: safari nyingine tutakapoipandisha tamthilia hii jukwaani, tuijaribu "Bwana" na "we" hizo mbili, tuone kama ukumbi utapiga makofi palepale ulipozoea kupiga. Wanaoona nimetia chumvi kwenye viwakilishi, mjadala uko wazi. Karibuni.